Kodi ya Nyumba na Dhahabu ya Sekenke

Konda anapoita "Makumbusho!" pale Kijitonyama, abiria wengi huwaza stendi, si kile kijiji cha nyumba za jadi cha miaka ya 1960 kilichoipa stendi hiyo jina. Na anayekiwaza kijiji hawazi dhahabu. Dhahabu ni ya Geita na Chunya. Kijiji hicho kina msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Lakini uchimbaji wa kikoloni haukuanzia shimoni. Ulianzia kwenye milango ya nyumba kama hizo, kwani nyumba ndiyo iliyotozwa kodi. Amri ya Wajerumani ya 1897 ilidai rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na asiyekuwa na zao la kuuza aliuza nguvu zake. Kubanana wengi chini ya paa moja kuliwapa watu ahueni ya muda tu: sheria ya Waingereza ya 1922 ilitoza nyumba na kichwa pia.

Kodi na dhahabu hukutana kwenye sarafu ya Wajerumani ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga, ambayo wakusanyaji wa sarafu huigombania mnadani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imefunga njia ya bahari, fedha haziji tena kutoka Ujerumani, ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba, mgodi uliofunguliwa 1909. Ukipiga hesabu kwa kiwango cha 1897, tembo mmoja ni kodi ya nyumba 5.

Kuna atakayepinga akisema kodi inasingiziwa: vijana wa Kinyakyusa wa miaka ya 1930 walikwenda wenyewe machimbo ya Lupa, wakatafute ng'ombe wa mahari. Hoja hiyo ina uzito. Lupa, ambako dhahabu iligunduliwa 1922, ilikuwa jirani, na kijana aliyechekecha mchanga kwa ujira hakulazimika kusubiri zizi la baba yake. Ila hiari hiyo ilikuwa na tarehe ya mwisho, maana kodi haikungoja ng'ombe azae.

Mwingine atasema kijiji kile ni cha ujenzi na utamaduni, migodi ikae kwingine. Sawa, mashine zikae kwingine. Lakini tembe ni la aina ile ile aliyosimama mbele yake karani wa kodi, daftari mkononi: paa moja la udongo, vyumba vya wake watatu. Aandike nyumba moja, au tatu?