Chembe za nano na tiba ya vidonda vya kisukari

KIDONDA kidogo kwenye unyayo chaweza kumpotezea mgonjwa wa kisukari mguu mzima. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, hata mgonjwa akakanyaga msumari bila kuhisi maumivu. Mishipa ya damu nayo huziba polepole, na jeraha likakosa oksijeni na kinga ya mwili.

Zaidi ya nusu ya vidonda vya aina hii huingiwa na bakteria. Vijidudu hivyo hujikusanya na kujifunika utando wa ute ambao dawa hupenya kwa shida. Baadhi yavyo tayari ni sugu kwa antibiotiki.

Hii ndiyo sababu wanasayansi wamegeukia chembe za nano, ambazo upana wake ni kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000.

Zinazofahamika zaidi ni chembe za madini ya fedha. Hizi hutoa ayoni zinazoharibu ukuta wa bakteria na kuvuruga protini zake. Bandeji zenye fedha ya aina hiyo zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa kwa majeraha ya moto.

Chembe za dhahabu nazo zimedhihirisha katika maabara kwamba zaweza kugeuza sukari kuwa asidi na haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua bakteria. Kwa njia hiyo, sukari inayomdhuru mgonjwa hugeuzwa silaha ya kumtetea.

Hata hivyo, mengi ya matokeo haya yametokana na majaribio kwa panya. Fedha ikizidi hudhuru pia seli changa za ngozi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 kuhusu miguu ya wagonjwa wa kisukari ulishauri bandeji za fedha zisitumiwe kuponya vidonda hivyo, kwa kuwa ushahidi haujatosha.

Kwa hivyo, tegemeo lingali kuondoa nyama iliyokufa, kutumia antibiotiki panapo maambukizi, kudhibiti sukari, kuuondolea mguu uzito na kurejesha mtiririko wa damu. Mgonjwa naye hushauriwa kukagua nyayo zake kila siku na kufika hospitalini mara aonapo lengelenge, wekundu au usaha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.