Kaseti, Vitufe vya Mpira na Waliokataa Kompyuta Zao Zife

Kwanza huja mlio mrefu wa sauti moja, mkali kama filimbi ya refa asiyeishiwa pumzi. Kisha hukatika, na badala yake huingia mkwaruzo mzito, kama mvua inayopiga bati. Kingo za skrini hucheza mistari ya bluu na njano. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani kifaa kimeharibika. Lakini mtu aliyekuwa na miaka kumi nchini Uingereza mwaka 1983 akiusikia leo hutulia na kusubiri, maana anajua kinachoendelea: kompyuta inasoma mchezo kutoka kwenye kaseti, na baada ya dakika kama tano, mambo yakienda sawa, mchezo utaanza.

Kompyuta hiyo ni ZX Spectrum. Ilizinduliwa tarehe 23 Aprili 1982 na kampuni ya Clive Sinclair wa Cambridge, mvumbuzi aliyekuwa amekwisha kujipatia jina kwa vikokotoo vidogo vya mfukoni. Mwaka 1980 alikuwa ameuza ZX80 kwa pauni 99.95, na mwaka uliofuata akaleta ZX81 kwa pauni 69.95. Spectrum yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 ilianza kwa pauni 125. Ya kilobaiti 48 ilikuwa pauni 175. Haikuja na skrini. Ilichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na kaseti zilichezwa kwenye redio kaseti ileile iliyopigia familia muziki. Umbo lake jeusi na jembamba, lenye michirizi ya rangi pembeni, lilibuniwa na Rick Dickinson. Vitufe vilikuwa vya mpira, na kila kimoja kilibebeshwa kazi nyingi kiasi kwamba maandishi yalijaa juu yake na pembezoni mwake. Matoleo yake yote kwa pamoja yaliuzwa zaidi ya milioni 5.

Upande wa pili wa mji huohuo wa Cambridge kulikuwa na Acorn, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1978 na Hermann Hauser pamoja na Chris Curry, ambaye aliwahi kufanya kazi na Sinclair. BBC ilikuwa inatafuta kompyuta ya kuambatana na vipindi vyake vya kuwafundisha wananchi matumizi ya kompyuta. Sophie Wilson, Steve Furber na wenzao walisuka mtambo wa mfano kwa siku chache tu, ukawashwa, ukafanya kazi, na Acorn ikashinda zabuni. BBC ilidhani ingeuza kompyuta 12,000. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Kompyuta hiyo, iliyoitwa BBC Micro, ikawa ya darasani, Spectrum ikawa ya nyumbani, na watoto wengi wa Uingereza wa kizazi kile walikua wakizijua zote mbili.

Ukiiwasha Spectrum, unakutana na skrini tupu. Hakuna picha za kubonyeza wala orodha ya programu. Kuna mstari mmoja wa maandishi chini, na ukigusa kitufe, herufi K inayowaka na kuzima. Basi. Mtambo unangoja kuambiwa. Lugha ya kuuambia ni BASIC, nayo imo ndani ya chipu tangu kiwandani. Magazeti ya wakati ule yalichapa programu kurasa kwa kurasa, na watoto walikaa sakafuni kuzinakili mstari baada ya mstari. Alama moja ikikosewa, programu inakwama, na mtoto anaanza kuisaka. Wengi waliokuja kuandika programu kwa riziki walijifunza hivyo, kwa kutafuta kosa lao wenyewe jioni nzima huku ndugu zao wakidai televisheni.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa hamu inayowarudisha watu wazima kwenye kompyuta hizo leo. Michezo ina nafasi yake, na anayeikumbuka Manic Miner, iliyoandikwa na Matthew Smith akiwa kijana wa miaka 17, atakuambia bado hajamaliza vyumba vyote 20. Lakini kinachokumbukwa kwa kina zaidi ni kwamba mtambo ule ulifahamika. Mwaka 1983 Ian Logan na Frank O'Hara walitoa kitabu kilichofafanua kilobaiti zote 16 za programu ya ndani ya Spectrum, amri moja baada ya nyingine. Mtu mmoja mwenye subira aliweza kuisoma kompyuta yake yote, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna anayeweza kusema hivyo kuhusu simu iliyo mfukoni mwake.

Hata mapungufu yake yalieleweka. Picha ya skrini nzima ilichukua baiti 6,912 tu. Ili itoshee, skrini iligawanywa katika visanduku 768, na kila kisanduku kiliruhusiwa rangi mbili. Mhusika wa mchezo akipita mbele ya mti, ama yeye alivaa rangi ya mti au mti ulivaa rangi yake. Wachoraji wa michezo walijifunza kuishi na kasoro hiyo, na leo wapo wanaochora upya picha za Spectrum wakiifuata sheria ya visanduku kama mshairi anavyofuata vina na mizani.

Kaseti nayo ilizaa mambo ambayo hayakutarajiwa. Kwa kuwa programu ilikuwa sauti, ingeweza kurushwa redioni. Yugoslavia ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilibana uagizaji wa kompyuta kutoka nje, kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 1983 mhandisi Voja Antonić alichapisha katika toleo maalumu la jarida la Galaksija michoro yote ya kompyuta aliyoibuni, ili msomaji ajiundie mwenyewe. Zaidi ya watu 8,000 waliagiza vifaa. Na katika Radio Beograd 202, mtangazaji Zoran Modli alikuwa akiwaambia wasikilizaji wake waandae kaseti, kisha anarusha ule mkwaruzo hewani. Waliurekodi, wakauingiza kwenye kompyuta zao, na programu ikafanya kazi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataijua kaseti kuliko atakavyoijua kompyuta hiyo. Aliwahi kurudisha utepe kwa kalamu ya Bic kuokoa betri, na huenda bado ana taarabu au mawaidha yaliyohifadhiwa humo. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa habari nyingine. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo hata hiyo skrini ya kuchomekea Spectrum ilikuwa adimu. Kwa waliokulia nchi za Ghuba, kumbukumbu ya aina hii ina jina jingine: Sakhr, kompyuta za mfumo wa MSX zilizowekwa Kiarabu na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoasisiwa na Mohammed Al-Sharekh.

Clive Sinclair aliuza biashara yake ya kompyuta kwa kampuni ya Amstrad mwaka 1986 kwa pauni milioni 5. Spectrum zikapanda darini, nyingine zikaenda jalalani.

Zilizorudi kutoka darini zimerudi na maradhi. Ugonjwa wa kwanza wa Spectrum ni kibodi: chini ya mpira kuna utando wa plastiki unaopeleka ishara kwenye bodi kwa ulimi mwembamba, na ulimi huo hukauka kwa miaka na kukatika ukiguswa. Utando mpya unatengenezwa hadi leo kwa ajili ya wanaozifufua tu. BBC Micro ina hatari yake. Ndani ya boksi la umeme mna kapasita za karatasi ambazo ganda lake hupasuka na kuingiza unyevu. Kompyuta iliyolala miaka 30 ikiwashwa, baada ya dakika chache hutoa moshi mzito wenye harufu isiyosahaulika. Kompyuta yenyewe mara nyingi haidhuriki, ila anayezijua huzibadilisha kapasita kabla hajagusa swichi. Kaseti pia zina matatizo: kichwa cha kinasa kikikaa upande kidogo, skrini huandika kwamba usomaji umeshindikana, na dawa yake ni bisibisi ndogo, sikio, na kurudia upya.

Halafu kuna ubishi wa rangi ya plastiki. Kompyuta nyingi za enzi ile zilikuwa na rangi ya maziwa au kijivu, na leo ni za njano iliyochakaa kwa sababu ya mwanga, joto na dawa za kuzuia moto zilizochanganywa na plastiki. Tangu mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta hizi wamekuwa wakipaka haidrojeni peroksaidi, kemikali ileile inayotumika kuchuja rangi ya nywele, kisha kuanika juani. Njano huondoka. Lakini huweza kurudi, na wapo wanaohofia kwamba plastiki hudhoofika. Pengine wanaoiacha njano ilivyo ndio wenye haki: kompyuta iliyokaa dirishani kwa miaka 20 ina haki ya kuonyesha hivyo.

Kazi hii ya mikono huonekana kama mchezo wa watu wenye nafasi, mpaka ikutane na kisa cha Domesday.

Mwaka 1086 maofisa wa Mfalme William walikamilisha Domesday Book, orodha ya ardhi na mali za Uingereza, iliyoandikwa kwa wino juu ya ngozi ya kondoo. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC iliwaomba wananchi waandike Domesday mpya. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao wanafunzi wa shule, wakieleza mitaa yao: maduka, mashamba, chakula cha nyumbani, michezo ya uwanjani. Maandishi, picha na ramani viliwekwa kwenye diski mbili za leza zenye kipenyo cha sentimita 30, zilizosomwa na mashine maalumu ya Philips iliyounganishwa na kompyuta ya Acorn. Mtambo mzima uligharimu karibu pauni 5,000. Shule nyingi zilizotuma habari zao hazikuweza kuununua.

Miaka 15 tu baadaye hofu ikatanda. Mashine za kusomea zilikuwa zikifa, vipuri havipo, na kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinasomeka bila tabu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha mwaka 2002 programu iliyoigiza mtambo ule wa zamani ndani ya kompyuta mpya, na mwaka 2011 BBC ikaweka sehemu kubwa ya maandishi ya wananchi kwenye intaneti. Kazi haikuishia hapo. Wapenzi wa Acorn walibuni kifaa kinachonyonya ishara ya leza moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya diski, kabla haijageuzwa kuwa picha, ili kilichomo kihifadhiwe kikamilifu iwezekanavyo. Walikuwa wanafanya hivyo majumbani mwao baada ya saa za kazi. Wanahistoria wa karne ijayo watakaotaka kujua mtoto wa Uingereza aliishije mwaka 1986 watakuwa na deni kwao.

Hata michezo ya Spectrum imeokolewa kwa njia hiyo. Kaseti zilizokusanywa kwenye masanduku ya viatu zilichezwa moja moja na kugeuzwa mafaili, zikaainishwa kwa mwandishi, mwaka na kampuni. Leo yeyote mwenye simu anaweza kucheza mchezo wa mwaka 1983 kwa programu inayoigiza Spectrum. Wapo wanaoridhika na hilo, na wapo wanaosema bila mpira chini ya kidole na televisheni ya kioo kizito hakuna Spectrum. Katikati yao ilizaliwa ZX Spectrum Next, kompyuta mpya iliyochangiwa na umma mwaka 2017 kwa zaidi ya pauni 700,000. Umbo lake lilichorwa na Rick Dickinson yuleyule, nayo ni moja ya kazi zake za mwisho. Alifariki mwaka 2018.

Kwenye The National Museum of Computing, katika eneo la Bletchley Park, Uingereza, kuna darasa zima la BBC Micro zinazofanya kazi, na wageni wanaruhusiwa kuzigusa. Ruhusa hiyo ni jambo kubwa, kwa sababu kompyuta nyuma ya kioo ni boksi tu. Makumbusho ya namna hii hayana uhakika wa kudumu. Ile iliyoanzishwa na Paul Allen mjini Seattle, yenye mitambo mikubwa iliyofufuliwa na kuwashwa, ilifungwa mwaka 2020 na haikufunguliwa tena. Mwaka 2024 vitu vyake vilianza kupigwa mnada. Mjini Mariupol, Ukraine, mkusanyo binafsi wa vifaa zaidi ya 500, zikiwemo kompyuta za enzi ya Kisovieti, uliangamizwa na bomu mwezi Machi 2022.

Spectrum yenyewe haikuundwa Cambridge. Iliundwa Dundee, Uskoti, katika kiwanda cha Timex, kilichozoea kutengeneza saa. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake. David Jones, kijana aliyewahi kufanya kazi humo, alitumia fedha za kupunguzwa kazi kununua kompyuta, akaanzisha kampuni iliyokuja kutoa Lemmings na baadaye Grand Theft Auto. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993 baada ya mgomo mchungu. Lakini fundi anayefungua skrubu tano za Spectrum ya mwaka 1983, akiweka miwani na kuwasha taa ili abadilishe kapasita moja, anaikuta bodi kama ilivyotoka mikononi mwa wanawake wale: vipingamizi vimepangwa kwa safu, chipu zimekaa mahali pake, na sehemu kubwa ya lehemu yao bado inapitisha umeme.