Kutoka Kambi za Kibondo Hadi Miji ya Marekani: Familia Zilizokaa "Kwa Muda" Miaka 35

Wadau, ukisimama Nyabibuye ukatazama magharibi, Burundi iko pale pale. Kiha na Kirundi vinafanana kiasi kwamba mkutane tu sokoni, mnaelewana bila mkalimani. Kwa watu wa Kibondo na Kasulu, mkimbizi hakuwa habari ya redioni. Alikuwa yule aliyekuja kuomba kibarua cha kulima, na yule mama aliyetoa mafuta ya mgao ili apate ndizi. Halafu kuanzia mwaka 2007, baadhi yao wakaondoka kwenda Marekani. Leo tukumbushane walivyoishi huko, maana hii nayo ni historia ya kwetu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire. Waliokwenda Rwanda wakakutwa na mauaji ya 1994, wakakimbia tena. Waliokwenda Zaire wakakutwa na vita ya 1996, nao wakakimbia tena. Wengi wakaishia kwenye kambi za kwetu: Kanembwa, Mtendeli, Mtabila na nyinginezo. Yaani mtoto aliyezaliwa njiani 1972, kufika 2007 alikuwa mtu mzima wa miaka 35, ana watoto wake, na hajawahi kuishi mahali ambapo hakuambiwa "hapa mko kwa muda".

Kurudi Burundi kulikuwa kugumu. Mashamba ya wazazi yalishachukuliwa na wengine, na watoto walikuwa hawaijui hiyo Burundi yenyewe. Marekani ikakubali kuwachukua hawa wa 1972, na zaidi ya 8,000 wakasafiri. Mkononi kila familia ilibeba mfuko wa plastiki wenye nembo ya IOM, ndani yake karatasi zote za maisha yao. Na msidhani tiketi zilikuwa za bure! Ulikuwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kidogo kidogo baada ya kufika.

Wakatawanywa: wengine Boise kule Idaho, wengine Texas, wengine New York. Kambini sheria ilikuwa usitoke zaidi ya kilomita nne bila kibali. Sasa mtu anapewa funguo za apatimenti na kuambiwa aende anakotaka. Aende wapi, na basi hajui analipandaje?

Vitu vidogo ndivyo vilivyosumbua. Mama akikaanga vitunguu, kengele ya moshi inalia jengo zima. Maji ya moto yanatoka ukutani, lakini kuni za kuwakutanisha wanawake njiani hazipo. Kila mtu yuko nyuma ya mlango wake.

Halafu kuna suala la saa. Sisi tukisema saa mbili asubuhi, Mmarekani anasema nane. Ukiandikiwa miadi ya hospitali saa mbili, wenzako wanamaanisha saa nane mchana. Mtu anaamka alfajiri, anafika na mapema, anakaa kwenye kiti anasubiri saa sita nzima. Na siku ya kuzaliwa je? Wasiojua tarehe zao waliandikiwa Januari 1. Unakuta nyumba moja, baba, mama na bibi wote wamezaliwa siku moja, karani anashangaa.

Lakini mabadiliko makubwa hayakuwa jikoni wala kwenye saa. Yalikuwa kwa watoto. Mtoto wa miaka kumi anaanza shule, baada ya miezi michache anaongea Kiingereza, na hapo ndo anakuwa mdomo wa nyumba nzima. Barua ya umeme anasoma yeye. Kwa daktari anatafsiri yeye, hata yale ambayo mtoto hapaswi kuyasikia juu ya mwili wa mama yake. Mwalimu akipiga simu kulalamika juu yake, anayemtafsiria baba ni yeye mwenyewe mtuhumiwa! Baba aliyewavusha watu hawa mipaka miwili anakuta hawezi kununua dawa bila kumuomba mwanawe. Wazee wengi hilo liliwauma kuliko baridi.

Na wakati wao wa kufika ulikuwa mbaya. Msaada wa kwanza wa mapokezi ulikuwa wa siku 90, baada ya hapo utafute kazi. Mwaka 2008 uchumi wa Marekani ukaanguka. Kazi za kusafisha hoteli na za viwanda vya nyama, ambazo mgeni asiyejua lugha angezipata haraka, nazo zikawa za kugombania. Baba anaingia zamu ya usiku, mama ya mchana, wanapishana mlangoni. Kodi inasubiri, mkopo wa tiketi unasubiri, na ndugu aliyebaki Mtabila anapiga simu akiamini kwamba huko hela zinaokotwa.

Kilichowarudishia heshima wazee ni jembe. Miji kadhaa iliwapa wakimbizi vipande vya ardhi walime. Bibi asiyejua kusoma jina la mtaa wake akaotesha lengalenga, maharage na maboga, mengine akauza sokoni. Shambani hakuhitaji mjukuu wa kumtafsiria. Pale mjukuu ndiye aliyeuliza, na bibi ndiye aliyejibu.

Baada ya miaka mitano mtu aliruhusiwa kuomba uraia. Wakati huo uliulizwa maswali kumi kuhusu Marekani, ukipata sita ulifaulu. Kwa waliofika 2007, mwaka huo ulikuwa 2012. Na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2012, kambi ya Mtabila ikafungwa, na zaidi ya watu 30,000 wakarudishwa Burundi. Wale wa makazi ya zamani ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuwa wamekubaliwa uraia wa Tanzania, watu wapatao 162,000, lakini wa kambini hawakuwemo.

Kwa hiyo fikiria ndugu wawili waliokula sufuria moja kambini. Mmoja anaapa uraia akiwa na koti la baridi, mwingine anapandishwa lori kurudi kwenye nchi aliyoikimbia. Kilichowatenganisha ni jibu la swali moja kwenye fomu: ulikimbia mwaka gani?

Wadau wa Kibondo, Kakonko na Kasulu, mnawakumbuka? Kama kuna jirani yako aliondoka na ule mfuko wa plastiki, simulia.