Udikteta Ni Nini? Tukumbuke Miaka ya Chama Kimoja



Vijana wetu humwita kila mkubwa mkali "dikteta". Lakini ukali peke yake si udikteta. Udikteta ni utawala ambamo neno la mtu mmoja ni sheria, wala hakuna bunge, hakimu au raia anayeweza kumwambia: hapana.

Sisi wa inchi hii tuliuona. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa utawala kwa nguvu ya jeshi. Mwaka wa 1967 akaanzisha chama cha MPR, na mwaka wa 1970 akasimama peke yake katika uchaguzi. Kisha kila raia akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, apende asipende.

Hakuishia kwenye siasa. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilipanga makanisa gani yakubaliwe. Makundi mengi madogo yalilazimika kuingia chini ya Kanisa la Kristo au kufunga milango. Mwaka wa 1972 majina ya kikristo yalikatazwa. Kardinali Malula aliyepinga akaenda uhamishoni. Mwaka wa 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali. Na kwenye televisheni, kabla ya habari, uso wa Rais ulionekana ukishuka kutoka mawinguni.

Majina ya mababu si dhambi. Wengi wetu tunayapenda. Ubaya ni kwamba hakuna aliyeulizwa.

Tusome 1 Wafalme 21. Ahabu alitamani shamba la Naboti. Yezebeli akaandika barua, lakini wazee wa mji ndio walioitii. Dikteta hafanyi kazi peke yake: anahitaji wanaotii na wanaopiga makofi. Sisi pia tuliimba na kucheza kwa ajili ya chama, wengine kwa woga, wengine kwa kutafuta kazi.

Tarehe 16 Februari 1992 waumini wa Kinshasa waliandamana kwa amani, wakidai Mkutano wa Taifa ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, na wengine walikufa. Lakini siku ile hapana ilisemwa barabarani, mchana. Mwaka wa 1997 Mobutu alikimbia, akafa Maroko.

Tuwafundishe watoto kuheshimu wakubwa. Tuwafundishe pia kuuliza juu ya kila mkubwa, awe wa serikali, awe wa kanisa: nani anaweza kumwambia hapana, na akirudi nyumbani alale salama?

Mungu ailinde inchi yetu.