Farasi, Punda na Punda Milia: Nasaba Iliyofichika katika Chembe

Magindu iko katika nchi ya Kibaha na Kisarawe, magharibi ya Dar es Salaam, si mbali na bonde la mto Ruvu. Reli ya kati hupita hapo kuelekea Morogoro. Kabla ya reli, nchi hii ilivukwa kwa miguu, na mizigo ya pembe, nguo na shanga ilichukuliwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mtu asomaye habari za misafara hiyo hana budi kujiuliza: kwa nini binadamu alifanywa mnyama wa mizigo, hali ulimwengu ulikuwa na farasi, nyumbu na punda? Jibu lake lina mafundisho mawili. La kwanza ni la maradhi. La pili ni la nasaba ya wanyama wenyewe, nasaba ambayo lugha ya Kiswahili ilikuwa imeigusa kabla ya wataalamu kuipima.

Katika mwaka wa 1871 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi 2 na punda 27. Mmoja wa farasi hao alikuwa zawadi ya Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja. Msafara ulivuka mto Kingani, ambao ni Ruvu huo huo katika mwendo wake wa chini, ukafika kijiji cha Kingaru. Huko farasi wa Sultani akafa. Stanley alimpasua, akaona minyoo tumboni, kisha akaamuru afukiwe. Mkuu wa kijiji akadai faini ya nguo, kwa sababu mzoga ulizikwa katika ardhi yake bila ya idhini. Stanley akawaambia watu wake wamfukue farasi, wamwache aoze juu ya nchi. Mkuu akaona heri kusamehe. Haukupita muda farasi wa pili naye akafa. Punda walistahimili zaidi, lakini hata wao wengi walikufa njiani.

Misiba kama hiyo iliwapata wasafiri wengi. Katika mwaka wa 1895 David Bruce, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Wazulu, alitambua kuwa ugonjwa wa nagana huletwa na kijidudu kiishicho katika damu, na kwamba mchukuzi wa kijidudu hicho ni mbung'o. Ujuzi huo haukumponya farasi. Wadachi walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907, na hapo ndipo mzigo uliposhuka kichwani mwa mpagazi katika njia hiyo. Vita vya mwaka 1916 vilitoa ushahidi mwingine mchungu: majeshi yaliyotoka kaskazini kwa farasi na nyumbu yaliwapoteza wanyama hao kwa maelfu kabla na baada ya kufika Morogoro.

Lakini palikuwa na mnyama mmoja wa jamaa ile ile aliyeishi na mbung'o tangu kale bila ya kuangamia, naye ni punda milia, ambaye mpaka leo huonekana katika mbuga ya Mikumi. Tamaa ikaingia. Ikiwa punda dume na farasi jike humzaa nyumbu, kwa nini punda milia na farasi wasizae mnyama mwenye nguvu za mmoja na siha ya mwenziwe? Huko Uskochi, James Cossar Ewart alizalisha machotara wa namna hiyo, akatangaza majaribio yake katika kitabu mwaka 1899. Katika Afrika Mashariki Wadachi walijaribu kuwakamata na kuwafuga punda milia karibu na Kilimanjaro. Machotara walizaliwa, na wengine walikuwa wazuri wa kutazama. Ila hawakuacha kizazi. Kila mmoja alikuwa mwanzo na mwisho wa ukoo wake.

Sababu ya utasa huo imefichika katika chembe za mwili. Ndani ya kila chembe mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Farasi anazo 64, punda 62, punda milia wa kawaida 44, na punda milia wa Grevy, aishiye kaskazini ya Kenya na Ethiopia, anazo 46. Mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo nyumbu ana 63, na chotara wa farasi na punda milia wa kawaida ana 54. Mwili wake huweza kukua na kufanya kazi. Lakini wakati wa kuumba mbegu za uzazi kila kromosomu hutafuta mwenziwe wa kushikana naye, na chotara hana wenzi wanaolingana.

Kila kromosomu ina fundo lake, liitwalo sentromia. Hapo ndipo chembe igawanyikapo huishika kromosomu na kuivuta upande wake. Kromosomu isiyo na fundo hupotea, kama mzigo uliokatika kamba safarini. Katika wanyama wengi fundo hilo hukaa katika sehemu ya uzi yenye maandishi mamoja yanayorudiwa mara nyingi, na kwa muda mrefu wataalamu walidhani kuwa marudio hayo ndiyo yanayolifanya fundo liwe fundo.

Jamaa ya farasi iliibomoa dhana hiyo. Katika mwaka wa 2006 ilionyeshwa kuwa katika farasi, punda na punda milia fundo limehama mara kadhaa, hali mpangilio wa jeni umebaki vile vile. Urithi wote wa farasi uliposomwa na kutangazwa mwaka 2009, ilionekana kuwa fundo la kromosomu yake ya 11 halina marudio hata kidogo. Elena Giulotto na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, wakaendelea kutafuta. Kwa punda walipata mafundo 16 ya namna hiyo kati ya 31. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018. Mwaka 2022 ikatangazwa kuwa punda milia wa kawaida anayo 15 kati ya 22, na wa Grevy 13 kati ya 23. Na 9 kati ya hayo ni ya wote wawili, kama urithi wa ndugu waliotengana karibuni. Mengine yalizaliwa fundo lilipohama. Mengine yalitokea kromosomu mbili zilipoungana kuwa moja. Kuungana huko ni sababu moja ya hesabu ya punda milia kuwa ndogo.

Farasi ana fundo moja la namna hiyo. Punda na punda milia wanayo mengi. Tazama sasa lugha. Farasi ni jina la mgeni, limetoka Uarabuni pamoja na mwenyewe. Mnyama wa porini mwenye mistari Mswahili hakumwita farasi milia. Alimwita punda milia. Na elimu ya urithi inakubali: ukoo wa farasi ulijitenga zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita, na punda na punda milia ni matawi ya shina lililobaki. Hapana shaka aliyelitunga jina hilo alitazama masikio, mkia na kimo, wala hakujua habari za chembe. Hata hivyo jicho lake halikukosea.

Wala isidhaniwe kuwa hesabu peke yake ndiyo ukuta. Huko Laikipia, Kenya, madume wa Grevy wamepanda majike ya punda milia wa kawaida, wakazaliwa machotara. Nao, ingawa wazazi wana 46 na 44, wana uwezo wa kuzaa. Udugu wao bado ni wa karibu. Jambo hilo lina hatari yake, kwa kuwa punda milia wa Grevy, waliokadiriwa kuwa 15,000 hivi katika miaka ya 1970, sasa hawafiki 3,000, na ukoo mchache huweza kumezwa na ukoo mwingi.

Waliotaka mnyama mpya wa mizigo kwa njia ya Ruvu walihesabu nguvu na siha, wakasahau nasaba. Walidhani wanyama wawili wakikubali kukutana, koo zao zimekubali kuungana. Msafara ulihitaji kizazi baada ya kizazi, na chotara hakuwa nacho cha kutoa. Ndiyo maana mzigo wa Magindu ulitoka begani mwa mtu ukaenda moja kwa moja juu ya chuma.