Kinyago kilichorudi, na sura ya bibi yangu

Ndugu zangu, leo naomba siasa tuiweke pembeni. Nataka kuwasimulia habari ya kinyago. Na nikiisimulia sawasawa itabidi nikiri jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata washikaji zangu wa chuo.

Jumamosi iliyopita sikuwa na zamu, jambo la nadra kwa sisi tunaoishi kwa kalamu. Nikashuka Posta, nikatembea kwa miguu hadi Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea, nikaingia Makumbusho ya Taifa. Mara ya mwisho kuingia pale nilikuwa darasa la nne, tumepangwa wawili wawili, mwalimu nyuma na fimbo yake. Kichwani nilikuwa nimebakiwa na vitu viwili tu: fuvu la Zinjanthropus, lile alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na magari ya zamani ya wakubwa. Mengine yote nilikuwa nimeyasahau, hata kwamba lile jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano.

Basi nikazunguka taratibu, hadi nikafika kwenye vinyago vya Wamakonde. Si hivi vya mpingo tunavyoviona Mwenge vikisubiri watalii. Hivi ni vya mti mwepesi, vya kuvaa. Kimoja kilikuwa na mistari ya chale mashavuni na mdomo wa juu uliotokeza mbele, wenye ndonya. Mwili ukanisisimka. Nilikuwa natazamana na bibi yangu mzaa mama.

Sasa ungamo lenyewe. Bibi ni mtu wa Newala, na uso wake una chale zilizopangwa kwa ustadi ambao leo hakuna anayeuweza. Nilipokuwa darasa la sita alikuja Dar kutusalimia. Siku moja mama alimtuma aniletee daftari nililolisahau nyumbani. Wenzangu wakamwona getini. Mnajua utani wa mjini juu ya Wamakonde, sina haja ya kuurudia. Mmoja akaniuliza, "Yule nani yako?" Nikajibu, "Jirani yetu." Bibi alikuwa hatua tano kutoka pale. Akanikabidhi daftari, akaondoka. Jioni mama alipouliza kama tulionana, bibi akasema tu, "Mjukuu wangu alikuwa na haraka."

Nimesimama mbele ya kioo, mtu mzima na shahada yangu, nayakumbuka maneno hayo matano.

Kinyago cha namna ile huitwa lipiko, vikiwa vingi ni mapiko, na ngoma yake ni hiyo hiyo mapiko. Hucheza hasa vijana wanapotoka jandoni. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima asionekane hata kidole. Kwa wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni, yule hakuwa mtu, alikuwa pepo aliyetoka kwa wafu. Ngoma ikiisha vinyago vilifichwa mbali na macho yao. Na pepo huyo alikuwa na ucheshi pia. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wa Msumbiji walichonga hata sura za Wareno waliowatawala, wakazicheza, watu wakacheka.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma. Ndipo nikakutana na kisa ambacho nashangaa hatufundishwi shuleni.

Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho yetu ya Taifa, hapa hapa Dar, wakaondoka na vitu 17. Kimoja kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata, 1985, kinyago hicho kikanunuliwa na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller, ya mjini Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 profesa wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akakitambua na kueleza kwamba ni mali ya wizi. Tangu hapo ikawa barua na mazungumzo. Mwaka 2006 Tanzania ikaipeleka kesi kwenye kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni. Mwishowe Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, likasaidia kupatanisha, na Mei 2010, mjini Paris, makubaliano yakatiwa saini. Kinyago kikarudi. Piga hesabu: miaka 26 nje ya nchi, na 20 kati ya hiyo baada ya ukweli kujulikana.

Kwa nini iwe muda mrefu hivyo? Sheria ina sehemu yake. Mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni ni wa mwaka 1970. Tanzania tulijiunga nao mwaka 1977, Uswisi ikajiunga mwaka 2003. Na mkataba huo haurudi nyuma. Kilichonunuliwa mwaka 1985 hakikuwa na pa kushikika.

Lakini kilichonikaa kooni ni neno moja. Kwenye makubaliano yale kinyago hakikuitwa "kilichorejeshwa". Kiliitwa zawadi. Makumbusho ya Geneva yaliipa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania zawadi ya kitu kilichoibwa Makumbusho ya Taifa ya Tanzania! Najua lugha hiyo ya wanadiplomasia ina kazi yake: huyu asionekane kashindwa, na yule apate chake. Pengine bila neno hilo tungekuwa tunabishana hadi leo. Hata hivyo nilipolisoma nilihisi kama mtu aliyerudishiwa simu yake na kuambiwa aseme asante.

Tunapozungumzia mali zetu zilizoko nje, wengi wetu huwa na jibu moja mdomoni: wakoloni. Na kweli ipo. Yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, kule Lindi, alichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na leo amesimama Berlin. Lakini kinyago hiki hakikuchukuliwa na gavana. Kiliondoka miaka 23 baada ya uhuru, kutoka ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kwa nini wezi wajisumbue? Kwa sababu walijua kuna mahali sura ile ina thamani. Ilipendwa Geneva. Mimi sura ile ile ilikuja hadi getini kwa shule yangu, imeshika daftari langu, nikaikana.

Usiku nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeshakula?"

Nikamwambia nimeona mapiko. Kimya. Halafu akacheka.

"Nani kakuonyesha? Wewe si ulitahiriwa hospitali?"

Akanimaliza. Ni kweli, kwa desturi hata mimi sikustahili kukitazama kile kinyago kikiwa hakina mtu ndani. Na yeye je? Kule kijijini hakuruhusiwa kabisa. Pale makumbusho anatazama yeyote, mtalii na mtoto wake. Nikaanza kujiuliza kama kinyago kikirudi Dar kinakuwa kimerudi kwao, au kimebadilishiwa kioo tu. Jibu sina. Ila naona afadhali kioo ambacho mtu wa Newala anaweza kukifikia kwa basi.

Nikamuuliza, "Bibi, kweli mlikuwa mnaamini ni pepo?"

"Kaka yangu alikuwa anavuta mguu wa kushoto," akasema. "Na pepo yule naye alikuwa anavuta mguu wa kushoto."

"Sasa ukafanyaje?"

"Nikapiga kelele, nikakimbia kama wenzangu. Ulitaka nimwaibishe?"

Ndugu zangu, nilikaa na simu sikioni nikashindwa kuongea. Msichana mdogo, anamjua kabisa ndugu yake, anakimbia ili asimwaibishe mbele za watu. Na mimi mbele za watu nilifanya nini?

Sikumwambia habari ya getini. Hilo si la kwenye simu. Nimemtumia nauli, na mwezi ujao anakuja. Nitampokea mwenyewe Mbagala Rangi Tatu, nimshikie kapu lake, na tutapita mjini mimi na yeye sambamba, si mmoja mbele na mwingine nyuma. Akitaka twende makumbusho, tutakwenda. Akisema yale ni mambo ya wanaume, tutakaa nyumbani tule korosho, na nitamwomba radhi huko huko.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, nikuulize kwa wema tu: nyumbani kwenu kuna sura gani uliyowahi kuiita jirani?