Vituko vya Mastaa Ngorongoro: Kutoka Hatari! Mpaka Royal Tour

Mwambie kijana wa Karatu kwamba staa wa dunia anakuja Ngorongoro, atakuuliza anahitaji magari mangapi. Hashtuki. Karatu ndio mji mkubwa wa mwisho kabla ya geti la Lodoare, na kamera nyingi zinazokwenda kreta hupita hapohapo. Zikishapita, vituko havikosi. Hivi vitatu bado vinachekesha.

1. Chui na karata

Mwishoni mwa 1960 mwongozaji Howard Hawks alitua Tanganyika na jeshi lake la mastaa: John Wayne, Elsa Martinelli wa Italia, Hardy Krüger wa Ujerumani na mchekeshaji Red Buttons. Filamu yenyewe, Hatari!, inahusu watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Ilipigwa Momella, chini ya Mlima Meru, na sehemu nyingine za kaskazini, Ngorongoro ikiwemo.

Stori inayorudiwa mpaka leo ni hii. Wayne na Buttons wako nje wanacheza karata zao, mara chui huyoo anatokea kichakani anawafuata. Buttons akamshtua mwenzake. Wayne akamjibu aende akamuulize anataka nini! Jamaa hana presha kabisa.

2. Mama Tembo

Elsa anaigiza mpiga picha anayelea watoto watatu wa tembo. Warusha ndani ya filamu wanampa jina la Mama Tembo, na mwishoni watoto hao wanamkimbiza mitaani mpaka ndani ya hoteli. Hakuna kompyuta hapo, ni tembo kweli. Hata kuwafukuza faru kwa gari, waigizaji walifanya wenyewe.

Sasa angalia tarehe. Filamu ilipigwa kabla ya Uhuru wa Desemba 9, 1961, ikaingia kwenye majumba ya sinema 1962, nchi ikiwa tayari huru. Wenyeji unaowaona wakikimbia na kamba wengi wao hawatajwi hata jina. Kicheko ni cha wageni, wao wanabeba mzigo tu.

3. Leo dereva ni Rais

Ikapita miaka 60. Agosti 2021 mtangazaji wa Marekani Peter Greenberg alianza kurekodi Royal Tour Zanzibar, kisha wakaja bara. Staili yake ni ileile aliyotumia kwa Mfalme Abdullah II wa Jordan na Rais Kagame: kiongozi wa nchi anageuka kuwa mwongoza watalii, na maongezi yanafanyika njiani.

Picha za Rais Samia akiwa ameshika usukani mwenyewe zilisambaa mtandaoni balaa. Watu tumezoea kumuona Rais amekaa nyuma, msafara unapita na barabara imefungwa. Safari hii yeye ndiye dereva, Mzungu ndiye abiria! Lakini cha maana zaidi ni kwamba mwenyeji ndiye aliyekuwa anasimulia. Wakati wa Hatari! hicho kitu hakikuwepo.

Na haikuwa kiki ya bure. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Korona ikaja, 2020 wakabaki 620,867. Ukiwa Karatu unajua maana yake: dereva wa safari amekaa nyumbani, mpishi wa lodge hana mshahara, muuza mboga hana wa kumuuzia. Filamu ilizinduliwa New York Aprili 18, 2022, ikafika Arusha Aprili 28. Mwaka huo watalii wakafika 1,454,920. Filamu peke yake haikuwaleta wote, maana mipaka ilishafunguliwa na watu walikuwa na hamu ya kusafiri. Ila Karatu ilipumua.

Hata hivyo, Juni mwaka huohuo familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Serikali ilisema wanahama kwa hiari, Wamasai wengi wakapinga hilo hadharani. Kwa hiyo mandhari moja ilikuwa kwenye skrini kubwa kule New York, na huku wengine walikuwa wanafunga mizigo yao.

Usukani umeshafika kwa mwenyeji, hiyo ni hatua kubwa. Kamera inayofuata ikipanda kreta, itapendeza yule mfugaji anayepita na ng'ombe wake naye apewe maiki. Vituko anavyo, tena vya kutosha, na jina lake analijua.